Gololi za Kulinda Mtama

Macho ya mume wangu yaliharibika mwaka ule ambao mtama ulikubali. Ingekuwa mwaka wa njaa nisingehangaika hivi, kwa sababu kusingekuwa na kitu cha kulinda. Lakini mvua ilikuja kwa adabu, ikanyesha, ikapumzika, ikanyesha tena, na mtama ukasimama mrefu mpaka mtu akiingia ndani yake humwoni tena. Nyani waliuona kabla hata sisi hatujaanza kufurahi.

Tunakaa upande wa Issuna, kwenye yale mawe makubwa yaliyokaa juu ya ardhi kama vile mtu aliyamwaga akasahau kuyaokota. Shamba letu linaishia chini ya mawe hayo. Nyani wanalala juu, sisi tunalima chini, na imekuwa hivyo tangu nilipoolewa. Chakula chetu cha mwaka mzima kilikuwa kimesimama pale. Watoto wana maisha yao Dodoma na kwingineko, wanatukumbuka wanapoweza, lakini mtu mzima huwezi kukaa unasubiri simu ilie ndipo uinjike chungu.

Watu wote ninaowataja humu nayajua majina yao, na ya mama zao, na hata ya baadhi ya ng'ombe wao. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mambo yangu yote nimeyaweka kichwani, na jina likishaingia halitoki. Lakini humu siyaandiki. Wengine bado tunachota maji pamoja.

Mume wangu ana gobore. Analo kihalali, kibali kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na polisi wa Ikungi wanamjua kwa sura. Asiyelijua gobore aelewe hivi: ni bunduki ya kushindilia kwa mdomoni. Unatia baruti, unatia kitambaa, unatia gololi, unashindilia kwa fimbo, halafu unaweka fataki nyuma. Gololi zake hazipatikani dukani. Mwenye gobore anajimiminia mwenyewe nyumbani, anayeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu. Kalibu yenyewe ni kama koleo la chuma, lina midomo miwili, na ukiifumba katikati panabaki tundu la duara. Yeye aliirithi kwa baba yake. Maisha yetu yote alikuwa akifanya kazi hiyo nyuma ya nyumba, na mimi nilichojua ni kumfukuza tu moshi ukielekea kwenye nguo zangu.

Kwa akina mume wangu bunduki ina miiko. Mwanamke haigusi. Siyo kuibeba tu, hata kuisogeza. Ikiwa imelala mlangoni unasubiri mwenyewe aje aiinue, mboga iungue isiungue. Mwiko wa pili ni wa gololi. Aliyeimimina anahesabiwa pamoja na aliyepiga. Ikianguka nyama, anapewa shingo. Ikipiga kisichopaswa kupigwa, anakwenda kukaa chini mbele ya wazee pamoja na mpigaji, bega kwa bega, kana kwamba wote wawili waliishika bunduki. Baba mkwe wangu aliwahi kumwangusha fahali wa watu akidhani ni nyati, na mdogo wake aliyekuwa amemimina gololi ile hata hakuwapo porini. Alikuwa nyumbani anaumwa tumbo. Aliitwa vilevile. Alikuja ameshika tumbo, akakaa.

Basi siku hiyo ya macho. Nilikuwa napepeta uwele nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta mume wangu amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, kijiko cha chuma mkononi, na moshi unatoka chini yake.

"Mzee, unaungua."

"Siungui mimi. Ni katambuga."

"Na mguu uko wapi?"

"Mguu uko ndani ya katambuga. Usinisumbue."

Alikuwa amekosa tundu la kalibu, akamimina risasi juu ya kiatu. Risasi ilikuwa imeshaganda pale kwenye mpira, inang'aa kama kamasi ya konokono. Nilimvua kiatu. Kidole kimoja kilikuwa kimepata malengelenge, na hakuwa ameguna hata kidogo, jambo lililoniudhi kuliko kidonda chenyewe. Nikatazama chini, nikaona michirizi mingine ya risasi kwenye vumbi, mingi, ya siku nyingine. Kumbe alikuwa akikosa siku zote hizo na kuifunika kwa mchanga.

"Acha kazi hii," nikamwambia.

"Niache afanye nani? Wewe?"

Alisema hivyo ili ninyamaze. Nami nilikuwa nimechoka siku hiyo, na nikichoka huwa sinyamazi.

"Mimi."

Akacheka kidogo, halafu akaona sicheki.

"Si mwanamke haruhusiwi?" nikamuuliza.

"Bunduki haruhusiwi. Kalibu hakuna aliyesema. Nadhani hakuna aliyewahi kuwaza." Akajipangusa macho kwa mkono, kama vile ukungu ulioyafunika ungetoka. "Lakini unajua aliyemimina anahesabiwa."

"Najua."

"Haya, Mama watoto. Niletee kigoda nikae."

Ndivyo nilivyoanza, nikiwa na magoti mabovu na wajukuu tayari. Mengine yote ya maisha nilifundishwa na mama yangu au na mama mkwe. Hili nilifundishwa na mume asiyeona, amekaa ameelekea upande ambao siko.

Risasi tuliipata kwa fundi wa matairi wa Ikungi, siku ya gulio. Zipo zile pingili ndogo zinazopigiliwa kwenye ringi ya gari ili gurudumu lisitikisike. Zikishachakaa fundi anazitupa kwenye kopo. Za betri mume wangu hakuzitaka. Alisema betri ina sumu juu ya sumu. Mhudumu wa zahanati naye aliwahi kutuonya kwamba hata hiyo ya kawaida ni sumu, moshi wake na vumbi lake, na ni mbaya zaidi kwa watoto. Kwa hiyo wajukuu wakija hakuna kuyeyusha. Kikaango kile cha chuma hakijawahi kuingia jikoni kwangu, na baada ya kazi nilikuwa nasugua mikono kwa sabuni na mchanga kabla sijagusa unga. Mume wangu alikuwa akisikia ninavyosugua, anasema nitaimaliza ngozi. Nikamwambia ngozi yenyewe imeshakwisha, hii ni mifupa nasugua.

Siku ya kwanza nilijaza kikaango pingili, nikapuliza mkaa. Zilikaa muda mrefu hazitaki, halafu zikalegea zote kwa mara moja, zikalala, zikawa maji ya fedha. Chache zikaelea juu, zimegoma.

"Kuna zinazoelea," nikasema.

"Hizo siyo risasi, ni chuma kingine. Watu wa magari siku hizi wanachanganya. Zitoe."

"Sasa imekuwa maji."

"Chovya humo unyasi wa ufagio. Ukitoka mweupe, bado. Ukitoka wa rangi ya chai, tayari. Ukiwaka moto, umezidisha."

Unyasi ukatoka rangi ya chai. Juu ya yale maji kulikuwa na utando mchafu, kama ngozi ya uji uliopoa. Akaniambia nitie nta kidogo ya nyuki, nikoroge, uchafu ukusanyike juu, niuondoe kwa kijiko. Nta kwetu haikosekani. Kaka yangu anarina upande wa Itigi na kila msimu anatuletea ndoo. Nikaenda ndani kwenye ile ndoo, nikamega kipande cha sega, nikarudi nikakitumbukiza.

Risasi iliruka. Sijui niseme vipi. Kilikuwa kishindo kidogo, kama mafuta yanapopata maji lakini kizito zaidi, na matone yakapaa yakanipata mkononi na kwenye kilemba. Nilirudi nyuma nikaangukia kuni. Mume wangu akasimama na kigoda kikaanguka, akawa anapapasa hewani, ananiita. Nikamwambia niko hapa, mkono tu. Kisha akanusa.

"Umetia sega lenye asali."

"Nimetia nta."

"Hiyo ni sukari inayoungua. Ulitaka kunipikia kashata?"

Nta ilipaswa kuwa ile iliyochemshwa, ikachujwa, ikakauka. Asali ina maji ndani yake, na risasi ya moto haipatani na maji hata tone. Ninajua nta tangu utotoni, nimeichuja mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na nikatia sega bichi kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mimi sikutaka kutembea mpaka ghalani. Basi. Alama mkononi ninayo bado, nyeupe, kama punje ya mtama.

Alitaka tuache. Nikamwambia mkaa umeshawaka, hatuwezi kuupoteza.

Gololi za kwanza zilitoka na makunyanzi. Unafumba kalibu, unamimina pole pole, unasubiri kidogo, unafumbua, inaanguka kwenye majivu. Mume wangu alikuwa akizingoja hapo kwenye majivu kwa vidole. Aliisugua ya kwanza kwa dole gumba.

"Hii imezeeka kuliko wewe. Rudisha."

"Kwa nini inakunjamana?"

"Kalibu ni baridi. Risasi inaingia inaogopa. Endelea kumimina na kurudisha mpaka chuma kipate joto."

Nikaendelea. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka machoni na siwezi kujipangusa. Baada ya muda zikaanza kutoka laini, za duara, zina kamkia kadogo pale ulipomiminia, ambako nakakata kwa kisu zingali na joto. Yeye alikuwa anazipokea, anazizungusha. Moja akaiweka shavuni. Alikaa nayo hivyo. Halafu akasema hiyo ingempendeza baba yake, na mimi sikujibu kwa sababu baba yake alikuwa mtu mgumu na nilikuwa na hamu ya kulala.

Kijana wetu mkubwa alipiga simu wiki hiyo. Mume wangu akajisifu kwamba mama yenu anamimina kuliko mafundi wa zamani. Kijana akaomba aongee na mimi.

"Mama, Baba haoni. Hizo risasi mnazitengeneza za kazi gani?"

"Za nyani."

"Nyani anawaona?"

"Mimi ndiye ninayewaona. Namwambia walipo."

Nikasikia magari ya huko kwao. Akasema tumsubiri, atakuja kumpeleka hospitali, mtoto wa jicho siku hizi anatolewa. Mume wangu alisikia, akaanza kutafuta fimbo yake atoke nje. Hospitali ya macho hakuitaka. Shemeji yake mmoja alikwenda, akarudi hivyo hivyo, na kwake habari iliishia hapo.

Tulijenga dungu katikati ya shamba, jukwaa la miti minne na paa la mabua, kila mtu aliye na mtama analijua. Tulikuwa tunapanda asubuhi baada ya uji na kushuka jua likiegemea. Kumpandisha ilikuwa kazi. Mguu mmoja, mwingine, shika hapa, siyo hapo, hapa. Akishakaa anawekewa gobore mapajani. Hapana, nimekosea, gobore alikuwa analibeba mwenyewe mgongoni, maana mimi siligusi. Halafu tunakaa. Namwambia, wako kwenye mawe. Namwambia, mkubwa ameshuka. Namwambia, elekeza mtutu kulia, zaidi, chini kidogo. Anapiga. Siku ya kwanza gololi yangu iligonga jiwe, ikalia kama kengele, nyani wakapotea siku kadhaa. Alifurahi kama aliyeoa. Mimi masikio yaliziba mpaka jioni.

Jirani yetu ni mjane, umri wa binti yangu wa tatu. Shamba lake dogo limepakana na letu, na tangu zamani anachuma mlenda pembezoni mwa mtama wetu. Alituomba ruhusa kila mwaka, na kila mwaka tukamwambia huna haja ya kuomba. Mwaka ule mlenda ulikuwa umejaa katikati kabisa, kwenye kivuli cha mabua. Siku hiyo aliingia kwa upande wake wa chini. Hatukumwona. Yeye alituona dunguni, lakini alijua tunatazama mawe.

Mimi nilikuwa nimesinzia. Ni kweli. Jua lilikuwa kali na nilikuwa nimeamka na kuku. Niliposhtuka mume wangu alikuwa ameshainua gobore. Hakunisubiri. Alikuwa ameona kivuli cheusi kinainama na kuinuka kwenye mtama, kwa macho yale yaliyobaki, ambayo yalikuwa yanaona mwendo tu na siyo umbo. Nikatazama alikoelekeza. Nikaona kanga.

Nilishika mtutu kwa mikono yangu miwili, nikausukuma juu. Bunduki ikalia pale pale. Ilinichoma viganja na moshi ukatujaa usoni, na paa la mabua likaanza kutoa cheche, nikawa nalipiga kwa kilemba.

Moshi ulipopungua, yule mwanamke alikuwa amesimama katikati ya mtama, kanga imejaa mlenda, anatutazama. Akasema, "Shikamoo Babu."

"Marahaba," mume wangu akajibu. "Wewe ni nani?"

Akamtajia jina. Mume wangu akaliweka gobore chini taratibu sana, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mimi nachuma mlenda tu, Babu."

"Nimedhani nyani."

"Sasa mimi na nyani tumefanana wapi?" Alijaribu kucheka, kikatoka kitu kingine. Akakaa chini hapo hapo kwenye mabua, hatukumwona tena, tunamsikia tu analia na kusema maneno ya lugha ya nyumbani, anamwita marehemu mume wake.

Nilishuka nikamfuata. Nikakaa naye. Mlenda ulikuwa umemwagika, nikawa namwokotea, kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi. Alipotulia aliniuliza, "Bibi, hiyo risasi alimimina nani?" Miiko ya akina mume wangu kila mtu hapa anaijua.

"Mimi."

"Basi ningekufa kwa mkono wako."

"Ndiyo."

"Ungekuja kukaa mbele ya watu, na hayo magoti?"

"Ningekuja."

Akafunga kanga yake, akaniinua mimi, siyo mimi niliyemwinua yeye. Tukarudi wote mpaka chini ya dungu. Mume wangu alikuwa bado juu, hawezi kushuka bila mtu. Alituomba msamaha wote wawili, kwa lugha ya nyumbani, na alitumia neno ambalo mwanamume wa kwao halitumii kwa mwanamke. Jirani akamwambia yameisha, Babu, shuka ule uji. Lakini usiku ule na siku zilizofuata mume wangu aliniletea shida nyingine, maana alianza tena kutaka gololi.

Siyo kwamba hakuogopa. Aliogopa. Lakini nyani walikuwa wamerudi, na kila asubuhi mimi nilikuwa namhesabia mabua yaliyolala. Alisema sasa atanisubiri, hatapiga mpaka nimwambie piga. Alisema nisisinzie. Nikamwambia nina umri gani nisisinzie.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Zipo kwenye kopo."

"Ongeza. Nitasimama mbali na njia ya watu."

"Sikumiminii tena, Mzee."

Akafikiri sijasikia vizuri. Akarudia. Nami nikarudia. Tulikuwa nyuma ya nyumba, kwenye lile jiko. Akasema basi atamimina mwenyewe, akachuchumaa, akaanza kutafuta kikaango kwa mikono. Aligusa jiko, akagusa kuni, akagusa mguu wangu. Kikaango kilikuwa mbele yake kabisa. Nilimtazama mpaka nikachoka kutazama, halafu nikakiweka mkononi mwake, nikawasha mkaa. Alifikiri nimekubali. Uso wake ulilegea, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikachukua kopo la gololi, nikazimwaga zote kwenye kikaango. Alisikia zinavyodunda.

"Unafanya nini?"

"Nazirudisha."

"Zote?"

"Zote. Ni zangu, nilizimimina mimi. Nikiitwa nikae mbele ya watu ni mimi ninayeitwa. Wewe unaona kivuli, mimi naona kanga. Siwezi, Baba watoto. Nimechoka kukaa na moyo juu."

Hakuninyang'anya. Tulikaa hapo, zikalegea moja moja, zikakosa duara, zikawa maji tena. Akaniuliza kama zimeyeyuka. Nikamwambia zimeyeyuka. Nikazimwaga kwenye mchanga, zikaganda kuwa kipande kimoja kama mkate ulioshindwa kuumuka.

"Na mtama atalinda nani?" akasema.

"Piga baruti tupu."

"Nyani siyo wajinga."

Na kweli hawakuwa wajinga. Siku za kwanza alishindilia baruti na kitambaa tu, akapiga juu, wakakimbia. Halafu wakaanza kukimbia mpaka jiwe la kwanza na kusimama. Halafu wakaacha kukimbia. Dume mkubwa alikaa pale juu, akamsikiliza mume wangu akishindilia, akasikiliza mlio, akajikuna. Nilimweleza mume wangu jinsi dume anavyojikuna. Hakucheka. Akanyoosha gobore upande wangu.

"Lichukue."

"Mimi?"

"Si umeshaligusa. Mwiko umeshavunjika, hauwezi kuvunjika mara mbili. Mimi nikishuka nalo nitaanguka."

Nililibeba mpaka nyumbani. Ni zito. Sikujua ni zito hivyo miaka yote. Nililitundika ukutani mahali pake na nikatoka nje haraka, kana kwamba mama mkwe yuko ndani.

Kutoka hapo ikawa debe tupu, nalipiga kwa fimbo kuwafukuza. Jirani alikuwa akija mchana baada ya kumaliza kwake, ananipokea, tunapishana. Mabua mengi yalikuwa yamelala. Sehemu yote ya juu, inayogusa mawe, hatukuvuna kitu. Nilikuwa nikikimbia, kama kule kunaitwa kukimbia, nafika wakiwa wameshakula na kuondoka, wananitazama kutoka juu na mashavu yamevimba.

Mume wangu aliendelea kupandishwa dunguni. Nilimwambia abaki nyumbani apumzike. Akasema atapumzika vipi na mimi nipo shamba. Akawa amekaa pale mikono mitupu, mdomo wazi kidogo, kichwa kimeinama upande mmoja. Nilidhani anasinzia. Siku moja akasema, bila kugeuka, "Wanashuka. Kwenye lile jiwe lililopasuka."

Nikatazama. Sikuona kitu. Nikamwambia hakuna.

"Nenda tu."

Nikaenda nanung'unika, naburuta debe. Walikuwa pale, nyuma ya jiwe, bado hawajagusa suke hata moja. Walishtuka kuliko mimi.

Tukaendelea hivyo mpaka mtama ukakauka. Anasema kushoto, naenda kushoto. Anasema wamesimama, nasimama. Wakati mwingine anakosea, ni upepo, au ni mbuzi wa watu, na mimi nimetembea bure, narudi namwambia maneno. Jirani anamwitikia kutoka chini, "Babu, na mimi ni nani leo?" Naye anajibu, "Wewe ni mlenda, nakusikia unavyoteleza." Wanacheka. Mimi huwa sina pumzi ya kucheka.

Tulichovuna hakikufika nusu ya kile tulichoona kimesimama. Kimetufikisha mahali, siyo mbali. Mwaka huu tumepanda tena, kidogo, mbali na mawe, na nyani wamesogea nasi.

Jana tulikuwa dunguni, jua limeanza kulegea. Miguu ilikuwa inanipiga mpaka kwenye nyonga, nilikuwa nimevua viatu, nimenyoosha.

"Wameanza," akasema.

"Wangapi?"

"Watatu. Wanne labda."

"Waache wale kidogo. Nimechoka."

Hakubishana. Alikaa anasikiliza, na mimi nikafumba macho. Upepo ulikuwa unapita kwenye mabua.

"Mmoja amebeba mtoto," akasema. "Huyo hatakwenda haraka. Ukitoka sasa hivi utamwahi."

Nikakaa kidogo zaidi. Kisha nikaanza kutafuta viatu vyangu.